Mvinyo wa Daktari, Mrija wa Chrispinus

Jumapili, 24 Agosti 2025

Leo nimeanza daftari hili, na nimejiwekea sharti: nitaandika yote, hata yale ambayo nikiyasoma kesho yatanitia haya. Nitaandika kwa Kiswahili. Na Mama tunaongea Kiteso. Shuleni ni Kiingereza, na Kifaransa cha Madam Kate. Lakini Kiswahili ni lugha ya Jumamosi — lugha ambayo Mama anaongea na Mzee Chrispinus.

Basi niseme. Mama anatengeneza ajono, pombe ya wimbi, hapa nyumbani Busia, upande wa Uganda. Jumamosi wateja wanazunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu. Mtu huja na mrija wake na huondoka nao. Mrija ni mdomo wake. Akimwachia mtu mbaya, atawekewa sumu. Mzee Chrispinus peke yake huacha wake kwetu. Unaning'inia juu ya mlango wa chumba cha Mama, ndani ya ala ya ngozi ya mbuzi. Yeye ni wa ng'ambo, Kenya. Mkewe alifariki zamani. Baba yangu alifariki nikiwa P.3, darasa la tatu.

Nilimuuliza Mama kwa nini anauacha. Akasema ni mambo ya mpaka, askari wanamsumbua na kitu kirefu namna hiyo.

Labda. Lakini wateja wengine wa Kenya wanavuka na mirija yao, na hakuna anayewasumbua.

Jumanne, 26 Agosti

Mzee Chrispinus amekuja leo, na si Jumamosi! Alivaa shati la mikono mirefu.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anafuma kichujio kipya cha mrija wa Mzee — kile kikapu kidogo cha nyuzi kwenye ncha, kinachozuia makapi ya wimbi. Hakusimama. Alisema tu, "Umepotea njia? Leo hakuna chungu."

Habari yenyewe ni hii. Kuna daktari mmoja wa mifupa, Dr. Othieno, mtu wa Petta, amefanya kazi Ufaransa miaka mingi, sasa amestaafu na kurudi. Amerudi na mvinyo wa Bordeaux aliouweka tangu ujana wake. Ijumaa jioni atafungua chupa sita kwenye hoteli ndogo chini ya mwamba wa Tororo, kwa wageni kumi na wawili tu. Mzee Chrispinus ndiye atakayemimina, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hotelini Nairobi. Daktari anataka mtu wa kusoma majina ya chupa kwa sauti, kwa Kifaransa kizuri.

"Nikasema namjua mmoja," akasema, akaniangalia.

Mimi!

Halafu akasema, akiangalia mikono ya Mama, kwamba daktari amempa kiti kimoja mezani, cha mtu wake. Mama akakata uzi kwa meno. Akauliza, "Mtu wako ni nani?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza."

Mama alifunga kichujio kwenye mrija, akakivuta kuona kama kimeshika, akaurudisha kwenye ala. Ndipo akasema, "Gomesi yangu ya zambarau inataka pasi."

Ijumaa, 29 Agosti

Nimesoma mbele ya kioo mpaka ulimi umechoka. Pauillac. Saint-Julien. Saint-Émilion. Mzee ametufundisha jinsi ya kushika glasi: kwenye mguu, si tumboni. Mimi nitanusa tu, Mama ameshasema. Gari linakuja saa kumi.

Jumamosi, 30 Agosti

Nianze wapi. Nianze na mshumaa. Kila chupa kabla ya kuimimina, Mzee Chrispinus aliwasha mshumaa nyuma ya shingo yake, akaiinamisha polepole juu ya jagi la kioo. Mashapo ya miaka yote yamelala chini ya chupa, na mwanga unamwonyesha yanapoanza kutembea. Hapo anaacha. Watu wote walinyamaza kama kanisani. Sijawahi kuona mwanaume akifanya kitu taratibu hivyo.

Nilisoma majina na sikukosea. Kizibo cha chupa ya 1986 kilivunjika mkononi mwake, akakitoa vipande vipande. Niliponusa ile glasi nikaandika: penseli iliyochongwa sasa hivi. Daktari akasema ndiyo, ndiyo hasa, na mimi nikaona joto masikioni.

Lakini kulikuwa na ndoo.

Ndoo ndogo ya fedha, katikati ya meza. Mzee alitufundisha yote, akasahau ndoo, kwa sababu kwake ni kitu cha kila siku. Aliionja chupa ya kwanza mbele ya wote, akazungusha mdomoni, akatema. Kisha daktari akatema. Kisha bibi mmoja wa Kampala mwenye lulu shingoni.

Mkono wa Mama ukanishika chini ya meza. Akanong'ona kwa Kiteso: wameona nini ndani?

Kwetu hakuna anayetema. Ukitema pombe ya mtu mbele ya watu, umemwambia ametia sumu. Kuna mama mmoja jirani yetu alitemewa na mteja mmoja tu, na chungu chake hakijapata watu mpaka leo. Mzee Chrispinus aliona uso wa Mama. Akainama karibu naye kama anayemimina. "Apolot, tema tu. Hapa si kosa. Ni ili mtu asilewe."

Apolot. Siku zote humwita Mama Emmy, kwa jina langu, si kwa jina lake.

Mama akasema, "Daktari ametunza hii tangu mimi sijaolewa. Mimi siwezi kumtemea."

Akameza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wengine wote wanatema, Mama anameza, mgongo umenyooka kama siku ya komunyo. Daktari akamuuliza anaonaje. Mama akafikiri. "Hii imeshazeeka. Haigombani na mtu tena." Daktari akacheka mpaka akafuta macho.

Ilikuwa baada ya glasi ya tano. Bibi wa Kampala akamuuliza, kwa upole tu, yeye na bwana anayemimina wamejuana vipi. Na Mama akajibu kwa ile sauti yake ya kuita kuku:

"Huyu? Mrija wake unalala kwangu."

Watu wa Tororo mezani wakaangaliana. Halafu mmoja akapiga meza, wakacheka wote, si vibaya, ila kwa nguvu. Bibi wa Kampala akauliza maana yake. Daktari akamwelezea: huku mwanaume akiacha mrija wake nyumbani kwa mwanamke, hajaacha mrija, amejiacha mwenyewe.

Mama akaweka mkono mdomoni.

Nilimwangalia Mzee Chrispinus. Alikuwa anamimina chupa ya sita. Tone moja likaanguka kwenye kitambaa cheupe. Akalitazama muda mrefu. Kisha akajimiminia, akaionja, mimi nikangoja ateme.

Akameza.

 Njiani alikaa mbele na dereva. Tulipofika akasema, "Usiku mwema, Mama Emmy." Mama Emmy tena.

Leo ni Jumamosi, chungu kimejaa, wateja wamekuja. Yeye hajaja.

Jumapili, 31 Agosti

Kanisani Mama hakuimba. Nilimwambia hakusema uongo wowote. Akasema kuna kweli ambayo si yako kuitoa.

Jumatano, 3 Septemba

Hakuna. Mama anafagia hata mahali pasipo na uchafu. Mrija uko pale juu. Nikipita chini yake nainama, sijui kwa nini.

Jumamosi, 6 Septemba

Amekuja!

Nilikuwa namwaga maji moto kwenye chungu nikamwona getini. Kofia mkononi. Wateja waliokwisha kusikia — na nani hajasikia — wakaanza. Paddy muuza samaki akasema, "Karibu, muko, mkwe wetu. Mrija wako umelala vizuri?" Mwingine akasema uacheni, unaota. Mzee akatabasamu kidogo, akakaa. Mama akaleta mrija mwenyewe, akampa bila kumwangalia. Akanywa kama wengine. Aliongea habari za mvua. Mimi nilikuwa na furaha, nilikosea kuhesabu vikombe vya maji moto ninavyoongeza.

Alipomaliza, sikuenda kupokea mrija nikausuuze kama kawaida. Nilitaka Mama aende. Na Mama hakwenda. Akausuuza mwenyewe, Mzee, kwenye bomba la uani, akaukung'uta. Halafu akasema, "Mama Emmy, nauchukua huu. Kichujio kimechakaa. Naenda kubadilisha."

Wateja wakamgeukia Mama.

Mama akasema, "Sawa."

Sawa tu! Kichujio kile amekifuma yeye, nimemwona, nyuzi bado ni nyeupe. Na tangu lini Mzee Chrispinus anajua kufuma? Akaondoka ameushika wazi mkononi, mrefu, akiuinua juu ya vichwa vya watu wa bodaboda wasiuvunje, mpaka akapotea upande wa geti la mpakani.

Wateja walitawanyika mapema. Mama akakaa kwenye kiti alichokuwa amekaa Mzee. Mimi nikaingia ndani kuweka vikombe, nikainama chini ya mlango kwa mazoea, nikaangalia juu.

Ala iko pale.

Nikaitoa, nikamletea Mama. Akaishika magotini, ile ngozi, akapitisha kidole kwenye mshono. Tulikaa hivyo mpaka kuku wameingia. Kisha akanipa simu yake. "Mwandikie. Kiswahili chako ni kizuri. Mwambie ala yake iko hapa."

Nikaandika: Shikamoo Mzee. Ala ya mrija wako imebaki kwetu. Nikamsomea. Akasema, "Tuma."

Lakini kabla ya kutuma niliongeza sentensi moja ambayo sikumsomea, na sasa imekwenda, simu iko mezani kati yetu, na Mama anajifanya anachambua wimbi. Niliandika: Naomba unijibu sasa hivi, Mzee — umeisahau, au umeiacha?