Kakao Tuliyoiosha Iyula

Jumanne, 2 Agosti 2011

Kidonge cha presha, chai, nguruwe, kuni. Kwa mpangilio huo huo wa kila siku. Baridi kali. Nimewaza mtambo. Miaka ishirini na moja nimesimamia uoshaji wa kahawa pale, na huu ni mwaka wa pili tangu mwenye mtambo auze mashine na kutuachia mifereji mitupu. Wanawake wanne niliokuwa nao hawana kazi mpaka leo. Mimi wa tano.

Atupele anafagia banda kwa ajili ya kakao. Huyu ni mke wa mwanangu Ezekia. Ezekia yuko Tunduma, anahangaika na makaratasi ya malori mpakani, na mkewe na mtoto wao Lusajo wanakaa kwangu. Wazo la kakao ni la Atupele. Baba yake, Mzee Ambilikile wa Kyela, ana shamba zuri lakini miguu imemwishia nguvu, na Kyela mvua hazimpi nafasi ya kuanika. Sisi Iyula tuna jua, vichanja na mikono. Matunda yaje mazima, tupasue hapa, tuvundike, tukaushe. Mwenye kiwanda kidogo cha chokoleti Dar amekubali kujaribu. Ni kijana Mtanzania. Hanunui shamba ambalo watoto wanaachishwa shule, na kwenye karatasi ya chokoleti anaandika jina la mkulima. Jina la Mzee tayari liko. Tukifaulu, na la kwetu litawekwa: Akina Mama wa Iyula.

Nimelifikiria jina hilo siku nzima. Naona aibu kidogo.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimegombezwa na mkamwana wangu nyumbani kwangu. Kwa adabu, lakini nimegombezwa.

Yule kijana wa kiwanda alipokuja mwezi uliopita alitugawia chokoleti nyeusi. Chungu kama dawa ya malaria. Alisema huko kakao ilikotoka, ng'ambo ya bahari, wenyewe waliinywa hivyo hivyo bila sukari, karne na karne. Akasema inaweza kuisaidia mishipa ya damu. Akasema na mengine. Mimi nilishika la mishipa. Nikamwagiza Ezekia, akaniletea chokoleti za Zambia, zile tamu, nikawa nakula kipande asubuhi badala ya kidonge. Siku nne, na hata Jumanne nilipoandika kidonge humu ilikuwa chokoleti. Leo Atupele kahesabu vidonge kwenye karatasi yake, akakuta havipungui. Akanikumbusha kwamba kijana alisema pia si dawa, na kwamba hizi za Zambia ni sukari na maziwa tu. Alinisimamia hadi nikameza.

Ana haki. Ndiyo maana nimekasirika.

Jumamosi, 6 Agosti

Fuso imefika saa nne. Matunda ya kakao, ya manjano na mekundu, marefu kama maboga madogo. Tumepasua wote watano tukicheka, Mama Simbeye, mmoja wa wale wanne, akinyonya ule ute mweupe mpaka Atupele akamwambia auache, ndio unaoipika kakao.

Kisha mafunzo. Punje na ute wake vinaingia kwenye sanduku la mbao. Majani ya migomba chini na juu, magunia juu yake. Hapa kwetu baridi, kwa hiyo magunia yaongezwe. Siku mbili usiguse. Geuza. Siku ya sita toa, anika. Usioshe. Amelirudia hilo la kuosha mara tatu, akinitazama mimi.

Binti wa miaka ishirini na mitano ananifundisha kuvundika mbele ya wanawake wangu. Nimenyamaza. Mdomo tu ndio ulionyamaza.

Jumatatu, 8 Agosti

Atupele alimpeleka Lusajo chanjo, Vwawa; wanachanja hata leo Nanenane. Aliondoka alfajiri, akasema akirudi tutageuza pamoja.

Saa tatu nikafunua sanduku. Harufu ilinipiga. Pombe, siki, na vijinzi juu yake. Ingekuwa kahawa ningemfukuza mtu kazi. Kahawa ikichacha hivyo imekufa. Harufu hiyo huwezi kuitoa tena, mwonjaji anaijua kwa kijiko kimoja. Nilijiambia kakao nayo ni mbegu yenye ute kama kahawa, na ute ni wa kuoshwa. Nikamwita Mama Simbeye na wenzake. Tukaibeba kakao yote hadi kwenye mifereji ya zamani, tukafungulia maji ya kijito, tukasugua kwa miguu na kwa mbao zetu. Tukabadili maji mara tatu. Hata nyimbo za mtambo tuliziimba.

Punje zimetoka safi sana. Tumezianika kichanjani, zinang'aa. Nimefurahi kama mjinga.

Jumanne, 9 Agosti

Atupele alirudi jana jioni, akasimama kwenye kichanja muda mrefu na mtoto mgongoni. Aliniuliza kama tumeosha. Nikamwambia angalia usafi huo. Akaitika, "Sawa, mama," akaingia ndani kupika.

Leo asubuhi kaniomba tumpigie kijana simu, tumwambie mapema tulivyofanya. Kakao haikuiva ndani, anasema, haitatoa ladha. Mzee ataleta matunda mengine, tuanze upya. Nikamjibu kwamba mimi nimeosha kahawa tangu yeye ananyonya. Akachukua ndoo, akaenda kulisha nguruwe.

Sikupiga simu. Kitu chepesi hivyo.

Jumamosi, 20 Agosti

Sijui niandike vipi. Niandike tu.

Kijana alikuja na gari. Wote watano tulikuwapo, tumevaa vitenge vilivyofanana. Alisifu vichanja. Kisha akatoa kisu, akakata punje kumi kwa urefu, akazipanga kwenye karatasi. Ndani zilikuwa za kijivu, ngumu, kama jiwe la kunolea. Alinusa. Akanipa nami ninuse. Hakuna harufu. Akauliza kwa upole ni nani aliyesimamia uvundikaji, maana hii imeoshwa kabla ya wakati.

Wanawake wangu wakaniangalia mimi. Atupele alikuwa mlangoni, ameshika sinia la chai.

Nikasema, "Mkamwana wangu ndiye aliyetufundisha. Wa Kyela ndio wenye kakao, sisi tulifuata."

Nimeyaandika kama yalivyotoka. Hakuna aliyenisukuma.

Kijana akamgeukia. Atupele akashusha sinia, akasema, "Ndiyo. Samahani." Basi. Hakusema alikuwa Vwawa. Mama Simbeye alikohoa, akatazama miguu yake. Kijana akafunga daftari. Alisema hawezi kuipokea, na kwamba kama nyumba ya Mzee Ambilikile inafundisha hivi, itabidi aliondoe jina la Mzee kwenye karatasi mpaka amkague upya. Alisema kwa huzuni, si kwa ukali. Ukali ningeuweza.

Jumapili, 21 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimesema presha. Haikuwa presha.

Jumanne, 23 Agosti

Baba yake Atupele amempigia simu. Kijana alishampa taarifa. Atupele ameondoka na basi la saa mbili, na Lusajo, na mabegi mawili. Mtu anayekwenda kusalimia hachukui mabegi mawili. Alipiga magoti kuniaga, kama siku zote. Aliniachia mboga imechemshwa na vidonge vimehesabiwa vya wiki mbili.

Nilikuwa na nafasi kuanzia mlangoni hadi barabarani. Nilizungumzia hali ya hewa.

Jumapili, 28 Agosti

Ezekia amekuja kutoka Tunduma. Amekaa kwenye kiti cha marehemu baba yake, akauliza mara moja tu: "Mama, aliosha yeye?"

Nikasema mambo yalikuwa mengi siku ile. Akanitazama. Nimemzaa mimi, anajua ninavyopindisha. Aliondoka bila kula, na nilikuwa nimemchinjia kuku.

Nimekula mwenyewe. Nimeona aibu hadi ya kutafuna.

Alhamisi, 1 Septemba

Nimewaita wale wanne. Nilitaka kuwaungamia, nikakuta naungama jambo ambalo kila mmoja alikuwapo. Sote tulikuwa mferejini. Sote tuliimba. Mama Simbeye amelia. Anasema alitaka kusema siku ile, lakini mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake, na msimamizi hapingwi mbele ya mnunuzi. Hiyo sheria niliiweka mimi, mtambo ulipokuwa hai. Niliona ni nidhamu.

Tumempigia kijana simu. Nimesema mimi, kwa jina langu lote, kwamba Atupele hakuwapo, na alitukataza.  Kijana akasema jina la Mzee atalirudisha kwenye karatasi zitakazochapwa. Nikamwomba asimweleze Mzee, nimwendee mwenyewe. Letu sikuliuliza.

Jumatano, 7 Septemba

Nimerudi kutoka Kyela. Mlowo, Mbeya, Kyela, basi baada ya basi, na joto lile la bondeni linalokukaba shingo.

Mzee Ambilikile alinipokea kwa heshima zote za ukweni. Kiti, maji, ndizi. Nje kulikuwa na masanduku yake mawili ya kakao, na harufu ile ile ya siki. Hakuna aliyeziba pua. Nikamwomba anisikilize kabla sijala. Nikamweleza yote: sanduku, mfereji, nilivyosema mbele ya mnunuzi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mama, binti yangu aliniambia ameosha yeye. Nilimuuliza mara mbili. Nikamwambia amenitia aibu uzeeni."

Kumbe hata kwa baba yake alinibeba. Wiki mbili amekaa pale akigeuza kakao ya mzee, mzee hamsemeshi, na bado hakunitaja.

Alimwita Atupele, akamwomba radhi mbele yangu, kwa Kinyakyusa. Mzee wa watu, amesimama na miguu yake ile. Nami nikamwomba. Atupele akasema yameisha, mama. Alisema vizuri. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Akasema, "Ningesema kweli, mama, ungebaki na nani pale Iyula? Wale wanawake wangekucheka."

Nilidhani atachukua mabegi turudi pamoja. Alinisindikiza mpaka stendi, akanitafutia kiti cha dirishani.

Jumapili, 18 Septemba

Nimekwenda kanisani. Mvua bado. Mama Simbeye kapata kibarua Nanyala, cha kuchambua maharage. Hatukuzungumzia kakao.

Ezekia amepiga simu mchana. Amepata vyumba viwili Tunduma, mtaa wenye maji. Atupele amefika jana akitokea Kyela, moja kwa moja, bila kupitia kwangu. Naye akapewa simu. Alinisalimu, akaniuliza hali, akasema Lusajo ameanza kusema maneno mawili matatu. Hakuna hata neno moja la lawama. Nikasema ni jambo jema, mke akae na mumewe. Nilisema kwa sauti ya kawaida, nadhani.

Wanahitaji godoro la mtoto. Nimelitoa chumbani kwao, nikalianika juani, nikalikunja na kulifunga kamba. Kesho litaondoka na basi la kwanza. Kondakta ananifahamu, hatanitoza nauli.