Jibu la Wamaza kwa Swali la Saba

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa saba, 1956 – Kasongo

Nimemaliza! Karatasi 412 za mtihani wa mwisho wa shule za msingi, Kasongo na Kabambare zote, nimezihesabu peke yangu, mimi karani wa Inspeksheni. Bwana Inspekta wa shule anasema huko Ulaya sasa hawafundishi kwa kubahatisha. Wanapanga alama, wanachora, halafu mchoro wenyewe unaonyesha mwalimu yupi asaidiwe. Mchoro unaitwa grafiki. Nimeuchora kwa wino mwekundu na wa buluu, na rula yangu mwenyewe, maana ile ya ofisini imeliwa na panya.

Grafiki imetoka nzuri mno. Shule za Kasongo zinapanda, za Kabambare zinashuka, na shule ya kijiji cha Wamaza iko chini kabisa. Swali la saba ndilo lililowazamisha. Linasema: mkulima amepeleka sokoni vikapu vitatu vya pamba, kila kikapu kina kilo ishirini, ameuza kilo ngapi? Sitini, bila shaka. Watoto ishirini na tisa wa Wamaza wameandika hamsini na nne. Wote! Hata mmoja hakukosea kwa namna yake.

Bwana Inspekta alikuna kichwa. Mimi nikasema wamenakiliana, na mwalimu amewaachia. Akanipa mkono. Mkono kabisa, mbele ya mpiga taipu.

Jumatano, tarehe 4

Bwana Inspekta amekata alama zote za Wamaza, anasema mwizi wa swali moja ni mwizi wa yote. Barua iko tayari. Mwalimu wa Wamaza, jina lake André, atafukuzwa na darasa la tano litafungwa. Kama unataka kusaidia shule, anasema, kwanza ondoa kilichooza. Ila yeye ni mtu wa haki, kwa hiyo barua itangoja mtihani wa marudio. Nani atausimamia? Mimi. Nani aligundua wizi? Mimi. Cécilia, mke wangu, amenipigia pasi kaptula nyeupe.

Jumamosi, tarehe 7 – Wamaza

Siku mbili juu ya kamyo, lori la kampuni ya pamba, nimekaa kwenye magunia matupu. Kaptula nyeupe si nyeupe tena. Tulikwama mara nne, mara tatu nikasukuma, mara ya nne nikasema mimi ni wa Inspeksheni. Dereva akaniambia Inspeksheni nayo ina mikono.

Huyu André nilitarajia awe mlevi au mvivu. Kumbe ni mtu mwembamba, mpole, miaka tisa hapa. Darasa limefagiliwa. Ubao ameutengeneza kwa mbao na masizi. Hajui kwa nini nimekuja, maana karatasi zilisahihishwa Kasongo. Amenipisha kitanda chake, yeye na Mado mke wake wakalala kwa jirani. Sikulala vizuri. Nadhani ni kunguni.

Jumatatu, tarehe 9

Nimewapa mtihani. Benchi moja mtoto mmoja, waliobaki nje, nikawaita kwa zamu. André nilimtuma kwa Padri wa Misheni, mbali kabisa. Mimi mwenyewe nilitembea katikati kama askari wa jela. Maswali mengine yote wamejibu vizuri, vizuri kama Kasongo, na hilo lilinichukiza kidogo.

Swali la saba: hamsini na nne. Ishirini na tisa kwa ishirini na tisa.

Nikamsimamisha msichana mmoja, Emilienne, wa mbele. Nikamuuliza tatu mara ishirini ni ngapi. Sitini, akasema, bila hata kufikiri. Sasa hii hamsini na nne inatoka wapi? Akanitazama kwa huruma.

"Karani, kama mutu anapeleka kikapu ya makumi mbili, Faradji anatoa kilo mbili. Swali iliuliza aliuza ngapi. Haikuuliza alileta ngapi."

Faradji ni karani wa mizani kwenye soko la pamba. Uso wa mizani unamwelekea yeye. Mkulima anaona mgongo wake tu. Kila kikapu, anatoa mbili. Anasema ni uzito wa kikapu. Nimekwenda kushika kikapu kitupu nyuma ya nyumba – hakifiki nusu kilo!

André aliporudi nikamweleza yote, na barua pia. Alifuta ubao wake wote. Halafu akasema:

"Miye niliwafundisha makumi sita. Kule ku mizani wanafundishwa makumi tano na ine, na kule wanaenda na baba zao kila mwaka."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alhamisi, tarehe 12 – Kasongo

Leo sikwenda kula. Nimefungua tena marundo yote. Katika hesabu ya kwanza niliandika tu "kosa" na kuendelea. Sasa nimeangalia kosa lenyewe ni lipi. Kabambare kwenyewe, wengi wameandika hamsini na saba, yaani kilo moja kwa kila kikapu. Shule ya ng'ambo ya mto Luama, hamsini na moja. Tatu kwa kila kikapu! Na Kasongo mjini, kwa watoto wa makarani na wenye maduka, sitini safi, maana hawajawahi kubeba pamba hata siku moja.

Nimechora grafiki mpya. Haionyeshi walimu hata kidogo. Inaonyesha mizani za teritori nzima, wilaya yetu hii, moja moja, na kila moja inakula kiasi gani. Tumewapa watoto mtihani, wao wakaikagulia Serikali mizani zake. Na mimi, mwenye rula yangu, nikawaita wezi.

Cécilia ameitazama akasema, Baba Pacifique, hii karatasi ipeleke au uichome, lakini usiiweke ndani ya nyumba yangu. Mimi naona haya. Naogopa pia, tuseme ukweli.

Ijumaa, tarehe 13

Nimeipeleka. Bwana Inspekta alicheka kwa upole. Mizani imetoka Ubelgiji, akasema, haiwezi kukosea. Kinachokosekana ni mafunzo ya macho! Mtoto haelewi namba mpaka aione. Basi tutapeleka vikapu vitatu darasani, mizani ya soko na Faradji mwenyewe, tutapima mbele ya watoto, watasema sitini, mambo yamekwisha. Wakisema sitini, barua itachanwa. Wakikazana na hamsini na nne, itatumwa.

Bwana Administrata, mkuu wa teritori, amepata habari na atakuja pia. Soko la pamba ndilo fahari yake. Bwana Inspekta amefurahi sana. Mimi sioni cha kufurahia.

Jumatano, tarehe 18 – Wamaza

Naandika haya kwenye benchi la nyuma, ndani ya darasa. Wanadhani naandika ripoti.

Asubuhi Bwana Inspekta alipima pamba kwa mizani ndogo aliyoazima Misheni, ishirini kamili kwa kila kikapu, sote tukiona. Kisha Faradji akaingia na mizani ya soko, amevaa kofia mpya. Wazazi wamejaa madirishani. Kikapu cha kwanza kikapandishwa. Mimi na Bwana Inspekta tulisimama nyuma ya Faradji, tukaona sindano inapita ishirini kidogo, uzito wa kikapu chenyewe. Faradji akafungua kinywa, na kwa mazoea ya miaka yake yote akaita kwa sauti ya sokoni: "Kumi na nane!"

Hakuna aliyecheka, maana kwao hakuna cha kuchekesha. Watoto waliandika kumi na nane kwenye vibao vyao.

Bwana Inspekta amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Akauliza nani alimfundisha hivyo. Faradji alimtazama Bwana Administrata, aliyekaa karibu na mlango, kama mwanafunzi anayengoja kunong'onezwa jibu.

Mabwana wawili walitoka wakazungumza kwenye motokari, madirisha yamefungwa, joto hili! Waliporudi, Bwana Inspekta hakunitazama. Bwana Administrata ndiye aliyesema. Mwaka ujao swali litahusu matofaa, tunda la Ulaya, lisilopimwa sokoni. Grafiki yangu ya pili ihesabiwe haikuchorwa. Na André atabaki na kazi yake, darasa litabaki wazi, mradi atie saini hapa: kwamba yeye, kwa kutojua hesabu, ndiye aliyewafundisha watoto hamsini na nne.

Karatasi iko mezani. Kalamu ni yangu, nimeombwa niitoe.

André ameisoma mara mbili. Mado yuko dirishani, anamtazama. Ukweli ni kwamba ningekuwa mimi ningekwisha kutia saini, na hata herufi ningezipamba. André ameiweka kalamu chini, taratibu, isidondoshe wino. Amechukua chaki. Ameandika ubaoni: vikapu vitatu, kila kimoja kilo ishirini. Amegeuka kwa watoto, si kwa mabwana.

"Mukulima alileta ngapi? Na aliuza ngapi? Nataka majibu mbili."

Bwana Administrata anasema somo limekwisha. Bwana Inspekta amevua miwani, anaifuta, anaifuta tena. Watoto wanamtazama Faradji, Faradji anatazama kofia yake.

Emilienne ameinua mkono. Bwana Administrata amemwambia aushushe. Bado uko juu.