Upinde Wako na Mtungi Wangu Unaovuja

Kwako baba mkwe, ambaye sikupaswa kukutazama,

Ugonile, tata. Najua mkazamwana hamsalimu baba mkwe wake. Lakini wewe una mwaka wa pili sasa ardhini, na mimi naandika tu, siongei, kwa hiyo tuseme bado nimo ndani ya adabu. Na kama nimetoka nje, ni kosa dogo mbele ya lile nililokuja kukueleza.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kwa Kinyakyusa jina lako linakaribiana mno na neno la mshale, na mke wa mwanao hathubutu kulitamka jina lako wala neno linalofanana nalo. Miaka yote niliyokaa kwenye mji wako mshale niliuita "kijiti kinachoruka", na wifi zangu walicheka hadi wakashika mbavu. Kiswahili nilichofundishwa darasani misheni hakikujui wewe. Hapa naweza kuandika mshale, mshale, mshale, na hakuna wa kuniziba mdomo.

Nilikujua kwa miguu. Mimi ni binti wa wafinyanzi wa ufukweni, nilikuja kuolewa huku Ipinda nikiujua udongo kuliko adabu za wakwe, na mama mkwe alinikalisha siku ya kwanza. "Ukimsikia anakuja, jifunike nguo, ingia majanini, uiname. Ukikutana naye uso kwa uso utamharibu, na nyumba yako utaiharibu." Nikashika. Na wewe ulinisaidia. Kila ulipofika kona ya migomba ulikohoa mara mbili, kikohozi kikavu kisicho na ugonjwa wowote, ukasimama kidogo, ndipo ukapita. Mimi nimeshajikunja na mtungi wangu, naona nyayo zako tu, na kile kidole gumba cha kushoto kilichopinda. Sikuwahi kukushukuru kwa kikohozi kile. Ndaga fijo, tata.

Asubuhi ulikuwa unarusha mishale nyuma ya nyumba. Watu walikutania, maana mwanamume wa huku ni mkuki, na wewe ulikuwa umejifunza upinde ujanani ng'ambo ya mto Songwe. Ulifunga bunda la majani makavu kwenye shina la mgomba, ukarudi hadi kwenye jiwe lako, ukalipapasa kwa kidole gumba cha mguu kabla ya kusimama. Nilidhani ni maringo. Mimi nilikuwa nyuma ya uzio wa matete, nangoja umalize nipite kwenda mtoni, na hivyo masomo yote uliyompa mume wangu niliyapata na mimi bila kualikwa.

Yeye alikuwa anavuta kwa hasira, anakosa, analaumu upepo.

"Upepo gani?" ulimwuliza. "Hata jani la mgomba halijatikisika. Unataka nikusifu, ndiyo maana unavuta kwa pupa. Nisahau mimi. Lisahau na hilo bunda."

"Nikilisahau nitalipataje, tata?"

"Tumbo likitulia, mkono unajua wenyewe."

Siku nyingine ulimwambia asiutupe mshale, avute, apumue, angoje, kwa sababu ndizi iliyoiva hainyofolewi, inachomoka yenyewe kwenye mkungu. Na siku nyingine tena: "Usishikilie mno. Anayeogopa kuachia, mkono unamchoka, na mshale unakwenda unakotaka wenyewe."

Nilicheka kimyakimya nyuma ya matete, nikaenda nayo maneno hayo kwenye udongo. Niliacha kuubana. Niliacha kuwaza mama mkwe atasemaje. Mitungi yangu ikaanza kusimama vizuri, isipokuwa ule mmoja nilioutoa motoni kwa pupa, ambao ulikuwa na ufa mwembamba na ulidondosha maji njia nzima. Mji mzima walinitania nao. "Binti wa wafinyanzi anamwagilia njia!" Sikuutupa, kwa ubishi tu.

Sasa nifike kwenye ile siku.

Nilikuwa natoka mtoni, mtungi ule ule kichwani. Nikasikia miguu yako upande wa nyumbani, bila kikohozi, kwa sababu ulikuwa uwanjani kwako na si njiani. Nilishtuka, nikafanya nilichofundishwa: nikaingia kwenye migomba iliyokuwa karibu, nikainama. Nilipoinua macho nikaona bunda la majani makavu limefungwa juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimekimbia kukuheshimu, nikaenda kujificha penye shabaha yako.

Nikasikia ugwe wa upinde unavutwa. Kukuita siwezi, hairuhusiwi. Kusema "mshale" siwezi, neno hilo linakaribiana na jina lako. Tata, nilifikiri kweli, nikiwa nimechuchumaa pale, kwamba afadhali nife na adabu zangu. Halafu miguu ikasimama yenyewe, bila kuniuliza, na mimi juu yake. Nikakutazama usoni.

Hukuachia. Upinde ulikuwa umejaa, mshale umenielekea. Kisha ukaulegeza ugwe polepole, ukauelekeza mshale chini, ukanipa mgongo. Ukakohoa mara mbili. Nilikimbia, na nusu ya maji nikaifikisha nyumbani ikiwa kwenye nguo yangu.

Siku ile ile uliutundika upinde darini, juu ya moshi, na hukuugusa tena. Watu walisema jicho la mzee limeharibika. Mama mkwe aliuliza mbele ya wanawake wote, "Nani amemtazama?" na mimi nilikuwa nakoroga ugali, nikaendelea kukoroga. Ulianza kutembea ukishika uzio. Baadaye ulishikwa mkono. Kisha ukafa. Kila hatua ya safari hiyo niliihesabu kuwa ni yangu. Nilikuwa nimekuharibu, kama nilivyoambiwa, na iliyobaki kuharibika ilikuwa nyumba yangu.

Vita vilipokuja Wadachi, hao Wajerumani, wakamchukua mwanao kubeba mizigo. Nilipomwona anapanda njia ya milimani na wenzake, nikasema moyoni, basi, ndiyo hiyo inakuja. Nilisali kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili. Kaburi lako lipo hapo karibu na kona ya migomba, na mimi nimekuwa nikizunguka kwa nyuma, kwenye tope, nisipite mbele yake. Nani angeniamini kwamba mtu anaweza kuogopa kutazamana hata na marehemu?

Mwanao amerudi, tata. Hilo ndilo nililotaka kukuambia tangu mstari wa kwanza na nimejizuia. Wadachi wamekimbia, na yeye amefika kwa miguu yake, mbavu zinahesabika, mabega yana makovu, lakini ni mzima. Nilimpikia wali wa mchele wa Busale na samaki, akala. Nikawa namtazama anavyokula, mchana kweupe, jua liko mlangoni, na mkono wangu ukachoka. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeuvuta ule ugwe. Nikaona nikiendelea kuushikilia, mshale utakwenda unakotaka wenyewe, na utampata yeye.

Nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemtazama baba yako. Mimi ndiye niliyemharibu jicho."

Akaacha kutafuna. Nilijua sasa atainuka atoke. Badala yake akaweka sahani chini, akaanza kucheka, kicheko chembamba cha mtu asiye na nguvu, na machozi yakamtoka humo humo.

"Umenikawiza," akasema. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Ndipo akaniambia kwamba macho yako yalikuwa yamekwisha kabla sijaolewa. Bunda lile hukuwa unaliona. Ulisimama penye jiwe, ukalijua kwa kidole, ukavuta, ukapumua, ukaachia, na sikio likakuambia mshale umeingia. Yeye ulimwapisha asimwambie mtu, kwa sababu hukutaka kuhurumiwa. Na siku ile, ugwe ukiwa umejaa, ulisikia maji yanadondoka kwenye majani makavu. Tap. Tap. Mtungi mmoja tu katika mji wote ulikuwa unavuja.

Uliutundika upinde kwa hofu, si kwa laana yangu. Ulimwambia, "Ningemuua mtoto wa watu na nisijue." Kisha ukamwachia maneno haya, na yeye ameyabeba pamoja na mizigo ya Wadachi: "Mwenye mtungi akikuuliza, mwambie sikumwona. Asipouliza, nyamaza, usimpe hofu asiyokuwa nayo."

Nilikuwa nayo, tata. Nilikuwa nayo tele! Mngeniambia! Nilikasirika kidogo, nikubali hilo, nikampiga mwanao na mwiko begani, nikakumbuka makovu, nikaomba radhi. Halafu nikakaa kizingitini nikalia mpaka nikahisi njaa, na nilipohisi njaa nikajua nimepona. Nikala ukoko wote wa ule wali.

Ni kweli kwamba mimi nilikuona. Hilo silikani. Una uso wa mtu anayesikiliza. Mwanao anaupata uso huo akilala, na sasa amelala hapa mkekani, jua la saa tisa liko miguuni pake. Kidole gumba chake cha kushoto kimepinda pia. Nimekitazama miaka yote na sikuwahi kufikiri ni chako.

Ule mtungi bado ninao. Wifi zangu wanauliza kwa nini siuzibi, na mimi nawaambia naufundisha kumwagilia. Upinde tumeushusha darini, tukaufuta masizi. Mwanao anasema mabega yakipona atasimama penye jiwe lako. Nimemwambia akohoe kabla ya kuvuta.

Kesho asubuhi naenda mtoni. Sizunguki tena kwa nyuma, nimechoka na tope. Nitapita njia yenyewe, mbele ya kaburi lako, mtungi kichwani. Lakini nikifika kona ya migomba nitasimama kidogo, nitakohoa mara mbili, ili upate nafasi ya kujificha.

Pumzika salama, tata.

Mkazamwana wako,
mwenye mtungi