Samli Haikuwa Mafuta

Elia mjukuu wangu, shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku milimani hatujambo, na babu yako anavuna tangawizi.

Umeuliza kwa nini kolesteroli yako haishuki na mafuta umeacha. Hata yangu iligoma. Daktari kule Same alinipa vidonge, akaniambia nitembee na niache mafuta. Nikaiacha chupa ya mafuta ya dukani. Niliporudi kupima akauliza, "Bibi, makande unayaunga na nini?"

"Na samli."

"Kwani samli siyo mafuta?"

Nilishangaa kweli. Nilipomzaa baba yako, mama mkwe alininywesha samli kila asubuhi, akiiita dawa. Nikapata nguvu, nikaamini hivyo miaka yote. Hakukosea. Ila siku hizo nilikuwa mzazi, leo ni bibi kizee.

Sasa makande nayaunga kwa kitunguu na nyanya tu, shambani naenda kwa miguu, na kidonge sikosi kumeza. Kolesteroli imeshuka.

Nawe dawa usiache. Halafu zile chipsi mayai za kila jioni ulizonisifia, kwani huko Dodoma hazikaangwi kwa mafuta? Nauliza tu.

Bibi yako