Nilisema Bustani ya Bembea Nimeijenga Mimi, Sasa Mpwa Wangu Hana pa Kukaa

Mpendwa mshauri wa redioni, naomba msaada, ingawa mtaani kwetu mimi ndiye ninayeombwa, maana hakuna geti, dirisha wala kitanda cha chuma ambacho hakikupita mikononi mwangu, na nikiugua mafua mtaa mzima unalala milango wazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, shule niliiacha darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha, na siandiki kwa kuwa nimeshindwa, ila hata mtu mkubwa huhitaji mtu wa pembeni wa kumsikiliza.

Niingie kwenye jambo. Dada yangu ana binti wa miaka kumi na tisa, anajifunza ushonaji, tunamwita Chiriku kwa sababu akiamka na mdomo nao umeamka. Huyu mtoto alizaliwa na selimundu, ile ambayo wengine wanaiita sikoseli, na akichoka sana au akipigwa na jua bila maji, maumivu yanamshika mifupani mpaka analazwa. Kwa hiyo dada anamlinda kama yai, wala simlaumu. Sasa hapa mjini kuna bustani ya bembea, zile kubwa za umeme, vikombe vinavyozunguka na watu, treni inayopanda juu na kudondoka abiria wakilia, na katikati lile gurudumu kubwa linaloonekana hata ukiwa sokoni, na kila mtu wa ukoo wetu anajua gurudumu lile nililichomelea mimi. Nimewasimulia miaka yote, kwamba wahandisi walikwama wakaniita, nikapanda na mashine begani, nikachomelea kileleni kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika chakula changu cha mchana, na mwewe akaja kuninyang'anya, nikamfukuza kwa cheche. Hata watoto wa shemeji yangu wanaijua kwa moyo.

Chiriku alipoomba kwenda, dada alikataa, kisha akawaza, akasema basi aende na mjomba wake, kwa kuwa mjomba mahali pale anapajua, atajua kivuli kiko wapi na pa kukaa ni wapi. Nikamjibu hapo umenena dada, mle ndani mimi natembea nimefumba macho.

Tukaenda. Tulipanda vikombe tu, akacheka mpaka machozi, tulipotoka akaniambia mjomba miguu imeanza, tutafute pa kukaa. Mshauri, jambo jepesi lilikuwa kumuuliza mhudumu yeyote, walikuwa wamejaa na fulana zao za njano, lakini mtu aliyejenga mahali atamuulizaje mtoto wa juzi benchi liko wapi? Nikasema twende hapo nyuma, kuna kona naijua. Tukaenda nyuma tukakuta jenereta. Tukazunguka upande wa pili tukakuta ukuta wa jikoni na masufuria yanaoshwa. Tukarudi tukapita kwenye foleni ya treni, hakuna hata tofali la kukalia, jua limesimama utosini, mimi mbele namwonyesha vyuma na kumweleza unene wake, yeye nyuma anaitikia, ee mjomba, ee mjomba. Mhudumu mmoja akatuuliza tunatafuta nini, nikamjibu tunakagua. Tukapita. Halafu nyuma yangu pakawa kimya, na Chiriku hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni, kugeuka namkuta ameketi chini kwenye saruji, amekumbatia magoti, midomo imekauka.

Yule mhudumu aliyetuuliza ndiye aliyekuja mbio. Kumbe chumba cha huduma ya kwanza kipo palepale karibu na geti tuliloingilia, kina kitanda, feni na maji, na tulikipita tulipokuwa tunaingia, mimi nimeinua kidole kumwonyesha gurudumu. Alilazwa pale kwanza, kisha hospitali. Dada alipofika wodini akauliza ilikuwaje, nikamwambia wamehamisha mabenchi bila kunishirikisha. Akaamini. Tena alinishika mkono akasema pole kaka, umehangaika.

Tangu siku hiyo sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka nakumbuka nimeacha mashine inawaka narudi mbio, na juzi nimetoboa mlango wa mteja tundu la kupita paka kwa kuwa macho yalikuwa kwenye chuma na roho haikuwepo. Na balaa lenyewe ni hili, kwamba Chiriku amepona, wenzake wa ushonaji wanakwenda bustanini mwisho wa mwezi, anataka kwenda nao, na dada ametoa ruhusa kwa sharti moja, mjomba atangulie kwa kuwa mwenyeji ni yeye. Nilijaribu kumkatisha tamaa binti, nikamwambia bembea haziozi, ngoja mwakani. Akanijibu:

"Mjomba, mimi hata kupanda sihitaji. Nataka nikae mahali karibu, niwasikie wenzangu wakipiga mayowe, na mimi niwacheke."

Nikisema ukweli, dada atamfungia binti ndani na mimi sitakuwa na uso wa kuingia kwake. Nisiposema, nitampeleka tena kwenye jenereta. Nifanyeje? Na ukweli wenyewe, ambao nakuomba redioni usiusome kwa sauti, ni kwamba gurudumu sikuligusa. Kazi yangu mle ndani ni mlango mmoja wa choo, tena niliukabidhi nje ya geti, na siku ile na Chiriku ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia.

Mjomba Mwenye Karakana

*

Kaka yangu fundi,

Nimeusoma kwa sauti, kwa sababu wajomba wa namna yako ni wengi na wote wana redio.

Pole kwa mshtuko. Pole kubwa zaidi nampa Chiriku. Kupiga chuku hakujamuua mtu, na huyo mwewe wako amewachekesha watoto, sina ugomvi naye. Lakini chuku mahali pake ni kwenye mazungumzo. Mtu anakuambia miguu imeanza, wewe unamweleza unene wa chuma? Msaada umekuja wenyewe kwa miguu yake, umevaa fulana ya njano, umekuuliza unataka nini, nawe unajibu unakagua. Ulikuwa unakagua nini, kaka?

Sasa nisikilize. Wiki hii, siku isiyo na watu wengi, funga karakana uende bustanini peke yako, uingie kama mgeni, maana ndivyo ulivyo. Mtafute yule mhudumu, umshukuru kwanza, kisha uulize. Akuonyeshe mabenchi, vivuli, maji, vyoo, na akuambie kama wenzake binti wanaweza kumshikia nafasi kwenye foleni yeye akingoja ameketi. Tembea kutoka benchi moja hadi jingine kwa mwendo wa Chiriku, usiende kwa mwendo wako. Ukikuta pana mwendo mrefu hapana pa kukaa, hapo ndipo ufundi wako unapotakiwa: mtengenezee kigoda cha kukunja, chepesi, cha kuning'iniza begani, na ukikalie wewe kwanza kuona kama kinashika. Daktari wake aulizwe mapema ni michezo gani anaiweza. Waende asubuhi kabla jua halijakaza, maji yasikosekane, na apumzike kabla hajachoka. Akisema tukae, mnakaa hapohapo. Sitaki kusikia "hapo mbele kidogo." Binti ana miaka kumi na tisa na mwili ni wake, anaujua kuliko wewe, kuliko mimi na kuliko mama yake. Yeye atangulie, wewe ufuate nyuma umebeba kigoda.

Unaogopa dada atamfungia ndani. Hebu fikiri kwa kichwa chake. Anachoamini leo ni kwamba mwanawe alianguka akiwa na mwenyeji, mtu anayejua kila kona. Mama gani atalala baada ya hapo? Akijua kwamba mliingia wageni wawili na mkubwa wao hakutaka kuuliza, ataona kosa lile lina dawa. Uongo wako ndio unaoifanya bustani itishe.

Atakasirika. Mwache akasirike mpaka aishiwe maneno, wala usimletee habari za wahandisi. Nenda kwa dada leo, kabla hujakutana na sababu nyingine ya kuahirisha. Na kwa kuwa unasema hukai, sitaki umwambie umesimama mlangoni, mguu mmoja uko nje. Vuta kiti, keti, ndipo useme.