Mzizi Uliofika Gotini

Idda, mbavu zinaniuma kwa kucheka! Bibi Hulda kanisimulia sasa hivi ya mwaka 1953, alipokuwa msichana hapa Makambako.

Bwana Shamba, Mwingereza, alitoka Njombe kuja kupima mizizi ya maharage ya wanakijiji. Akang'oa kwa mkono! Ikakatika. Akapima vile vipande!

Akatangaza: "Mizizi mifupi, haiwezi ukame. Mtapanda mbegu zangu, hizi zenu zitachomwa moto."

VIPANDE, Idda!

Bibi akashika jembe, akachimba taratibu, akatoa mzizi mzima. Akaunyoosha kwenye mguu wa mzungu. Ukapita soksi, ukafika gotini.

"Bwana, mizizi umeiacha ardhini."

Watu hoi kwa kicheko! Mzungu akawa mwekundu, akaondoka bila kuaga.

Na mbegu zake za maharage alizoziacha? Walizichanganya na mahindi, wakala kande.