Godoro na Foronya

Ijumaa, 4 Julai

Bonasi leo! Bosi katuita mmoja mmoja ofisini, katupa bahasha, kasema bahasha ni siri ya mtu na mfuko wake. Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru kama mjinga.

Jioni tunatoka kiwandani, wifi yangu—mke wa kaka, tunashona chumba kimoja na kuishi nyumba moja—ananiambia meno yote nje: "Wifi, mimi nimeshalipia godoro! Lile nene! Wewe utanunua nini?"

Godoro!

Yangu inatosha foronya. Foronya moja, tena isiyo na maua. Nikamwambia bado nafikiria.

Jumamosi, 5 Julai

Godoro limeletwa asubuhi. Kaka kalipokea mlangoni kama bibi harusi.

Nimemfuata bosi. Nikauliza kwa adabu zote nilizofundishwa. Kasema mwaka huu ametazama wanaojituma. Wifi yangu anamaliza makoti yake mapema, anajituma. Mimi mpaka nitumwe.

Mpaka nitumwe! Mimi!

Haya, niseme hapa, la sivyo nitapasuka. Wifi ana ugonjwa mmoja: anachanganya mikono ya koti. Wa kulia anaubandika kushoto, wa kushoto kulia. Koti likining'inia kwenye hanga huoni kitu. Livae, nyanyua mikono—linapanda lote mpaka masikioni. Na kila koti huishia kwangu, mimi ndiye wa vifungo. "Wifi, nitazamie," ananiambia, huyo kaenda zake. Nami nafumua, nashona upya, ndipo nakaa kwenye vifungo vyangu. Ndiyo maana yeye anawahi na mimi nachelewa! Nilianza kwa huruma, alipokuwa mgeni, kwa ajili ya kaka. Ati mchumia juani hulia kivulini. Kivuli changu kakikalia mwingine, na godoro juu.

Ningemwambia bosi? Sheria yake ni moja: koti likirudi, aliyelishona anatoka kazini. Nikameza.

Jumatatu, 7 Julai

Makoti ya bendi yameanza. Mekundu, vifungo vya rangi ya dhahabu, wateja wenyewe wote ni wapiga tarumbeta. Bosi anasema wakiyapenda watatupa kazi kila mwaka.

Wifi kaniwekea rundo mezani. "Nitazamie, wifi."

Nikatazama. Mikono imegeuka, yote. Nikashona vifungo.

Jioni kauliza, umenitazamia? Nikasema nimetazama. Si uongo! Nimetazama kweli.

Jumanne, 8 Julai

Nimetazama tena. Nimewahi kurudi nyumbani. Kumbe jua la jioni bado lipo!

Jumatano, 9 Julai

Mama kauliza mbona nabamiza sufuria, zimenikosea nini. Nikamtapikia—habari za bahasha, za kufumua miaka yote. Za makoti ya bendi sikusema. Kasema tenda wema uende zako. Nimetenda, nimekwenda, nimerudi, nakuta foronya! Kasema pesa si imeingia nyumba moja? Basi na mimi nikalale kwenye hilo godoro, katikati yao! Mama kacheka mpaka kashika mbavu. Mimi sikucheka.

Nilipogeuka, wifi alikuwa mlangoni na ndoo. Sijui kasikia mangapi. Kasikia na asikie.

Alhamisi, 10 Julai

Mpiga pasi kanivuta pembeni. Makoti haya yana nini, mabega hayalali! Nikamwambia azidishe mvuke. Kaniangalia, kisha kaendelea na kazi yake.

Leo wifi kaniwekea rundo, huyo kaenda zake. Hata "nitazamie" hakusema. Kaniachia chai mezani, kaifunika na kisahani. Sikuigusa. Baadaye niliinywa, imepoa. Hasira zangu ziko pale pale.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nikiwa stoo, boksi la vifungo mapajani.

Bendi imekuja kujaribu. Wako chumba cha mbele, wamevaa, wanajigeuza kwenye kioo. Wanapendeza hadi wanakera. Nilijibanza nyuma ya meza ya pasi nione mwisho wake. Mara bosi ananiita, ananisimamisha katikati yao!

Kumbe wifi alikwenda ofisini jana. Kasema yote. Kwamba mikono inamshinda. Kwamba miaka yote anayefumua ni mimi. Kwamba alidhani bahasha zetu ni sawa, na kama ni kufukuzwa afukuzwe, ila haki ya wifi yake irudi. Bosi anayasema haya mbele ya watu, anatabasamu. Eti kumbe anayejituma ni huyu hapa! Mikono ya makoti yote haya ni kazi yake. Mkisifu, msifuni yeye. Mkilaumu, mlaumuni yeye. Wakacheka, wakanipigia makofi. Mpiga pasi hakupiga. Aliinamisha macho.

Ningesema pale pale. Badala yake nikasema nakwenda kuchukua vifungo vya akiba. Hakuna aliyenituma. Nimejituma.

Mjinga huyu! Nani alimwambia aseme? Si angenyamaza, alalie godoro lake, nimchukie kwa raha zangu? Leo nimtazame vipi? Nikisema mikono ni yake, anatoka yeye. Nikinyamaza, natoka mimi. Na nilikuwa na siku tele za kufumua!

Nasikia tarumbeta moja inajaribu sauti. Bosi anawaambia bado, subirini kwanza.

Wifi huyo mlangoni. Macho mekundu, lakini anacheka. "Wifi, njoo basi! Bosi ameshika bahasha yako mkononi. Nimemwambia yote umeyatazamia. Kasema hawanyanyui tarumbeta mpaka uwepo."

Nimemwambia natafuta vifungo. Boksi liko mapajani pangu, na yeye analiona—